Mita kuu, mita ndogo au mfumo mzima? Kufuatilia nishati katika jengo la kale lililokarabatiwa

Jengo la kale likishakarabatiwa, watu huuliza swali moja kabla ya mengine yote: matumizi ya nishati yamepungua kwa kiasi gani? Mara nyingi mwenye jengo hana jibu. Mianya ya madirisha imezibwa, darini kumewekwa kihami joto (tabaka la kuzuia joto lisipite), taa zimebadilishwa zote, pampu ya joto (mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani) imefungwa pale ilipokuwa boila, lakini mita ni ile ile moja iliyo karibu na lango, nayo husomwa mara moja kwa mwezi. Fedha nyingi zimeingia ukutani na hakuna anayejua zimezaa nini.

Hapo ndipo wauzaji wa vifaa huingia. Mmoja anasema mita janja moja inatosha. Mwingine anataka kufunga vihisi mia mbili na skrini kubwa ukumbini. Wa tatu anadai programu yake itatambua kila kifaa kinatumia nini kwa kusoma waya mmoja tu. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa jengo la aina yake.

Nazilinganisha njia hizo hapa nikiwa na jengo la aina moja akilini: kuta nene za mawe au matofali yaliyoshikwa kwa chokaa, boriti za mbao, plasta ya zamani, na sheria ya urithi inayokataza kutoboa ovyo. Jengo la namna hiyo huwezi kuligusa popote utakapo, na ukiliziba pumzi linaoza ndani kwa ndani bila kelele. Msimamo wangu nautaja mapema: kipimo cha nishati kisichoandamana na kipimo cha unyevu hakilifai jengo la kale, hata kiwe sahihi namna gani.

Unataka kujua nini hasa?

Watu hununua mita kabla ya kuandika swali. Maswali yenyewe hayazidi matatu. La kwanza: ukarabati umeleta akiba gani kwa jumla? La pili: nishati iliyobaki inapotelea wapi, na saa ngapi? La tatu: je, jengo lenyewe linaivumilia hali mpya tuliyoliwekea?

Swali la kwanza linajibiwa na mita kuu na subira. La pili linahitaji mita ndogo. La tatu halijibiwi na mita yoyote ya umeme. Ukilijua swali lako, nusu ya orodha ya muuzaji inajifuta yenyewe.

Bili ya mwezi au usomaji wa kila nusu saa

Bili haina gharama ya ziada, na ina jambo moja ambalo vifaa vipya havina: inarudi nyuma. Ukiwa na bili za miaka mitatu kabla ya ukarabati, una hazina. Ubaya wake ni kwamba mwezi mzima umekandamizwa kuwa namba moja, na baadhi ya bili ni za makadirio wala hakuna aliyeisoma mita.

Usomaji wa kila dakika 15 au 30 hauongezi usahihi wa jumla. Kinachoongezeka ni umbo: unaona jengo linaamka saa ngapi, linalala saa ngapi, na kama linalala kweli. Katika jengo moja la orofa tatu nililolifuatilia, bili ilionekana ya kawaida kabisa. Tulipoanza kusoma kila nusu saa, tukakuta kwamba saa nane usiku, milango imefungwa na hakuna mtu ndani, jengo bado linavuta wati 900. Tulirudi usiku tukiwa na tochi, tukazima saketi moja baada ya nyingine huku mwenzangu akinisomea mita kwa simu. Wati 600 na kitu zilianguka kwa swichi moja: ule utepe wa kupasha mabomba ya darini ili maji yasigande, uliowashwa wakati wa ujenzi na kusahaulika. Wati 900 zikiwaka mwaka mzima ni karibu kWh 7,900. Hakuna bili ambayo ingetuonyesha hilo, maana bili zote tangu kukabidhiwa jengo zilikuwa na kosa lile lile ndani yake, kwa hiyo zilifanana.

Hata kama huna fedha ya kingine chochote, pata usomaji wa nusu saa. Kama kampuni ya umeme tayari imefunga mita janja, data huenda zipo na kinachohitajika ni kuziomba.

Pana mtego mmoja. Jengo likiwa na paneli za sola, mita kuu inaona tu umeme ulionunuliwa. Umeme wa sola unaotumika humo humo ndani haupiti hapo, kwa hiyo matumizi yanaonekana yameshuka hata kama hakuna kilichopungua. Matumizi halisi ni yaliyonunuliwa, jumlisha yaliyozalishwa, toa yaliyorudishwa kwenye gridi. Nimeona ripoti zikisifu kihami joto kwa kazi iliyofanywa na jua.

Mita ndogo: klampu au mita ya kukata waya?

Ukitaka kujua nishati inakwenda wapi, unagawa. Mita ndogo huwekwa kwenye bodi ya umeme, moja kwa kila saketi kubwa: kupasha na kupoza, hewa safi, maji ya moto, taa, jiko, seva. Si lazima kila saketi iwe na yake. Saketi tano au sita zilizochaguliwa vizuri hubeba sehemu kubwa ya matumizi, na zilizobaki unazipata kwa kutoa.

Mita ya kukata waya hufungwa ndani ya mstari wenyewe. Ni sahihi, haitikisiki, na ikiwa na cheti cha daraja la usahihi unaweza kuitumia kuwatoza wapangaji. Lakini lazima uzime umeme, uwe na nafasi kwenye bodi, na fundi aguse nyaya ambazo huenda ni za zamani kuliko yeye. Katika bodi ya zamani iliyojaa hadi mlango haufungi, kazi hii huishia kuwa kubadilisha bodi nzima.

Klampu ya kupimia mkondo hufunguka kama kibanio na kuuzunguka waya bila kuukata. Ukiiondoa kesho, hakuna alama iliyobaki. Kwa jengo la urithi hiyo ni sifa kubwa. Lakini klampu ina makosa yake, na karibu yote niliyokutana nayo ni ya kufunga, si ya kifaa. Shika moja mkononi uitazame: upande mmoja pana mshale mdogo unaoonyesha umeme unaelekea wapi. Mshale ukigeuzwa, matumizi yanasomeka hasi, na programu nyingi hudhani ni umeme wa sola. Pale inapofunguka pana nyuso mbili za chuma zinazotakiwa kugusana kikamilifu. Chembe ya vumbi la chokaa ikikaa katikati, kipimo kinashuka na hakuna taa itakayowaka kukuonya. Bodi ya jengo lililotoka kukarabatiwa imejaa vumbi la chokaa. Futa kwanza, kisha funga.

Ukubwa nao ni jambo. Klampu ya ampea 100 iliyowekwa kwenye saketi ya taa za LED za wati 20 inajaribu kuona ampea 0.09. Haioni kitu, inasikia kelele. Chagua ya ampea 5 au 20 kwa saketi ndogo. Tena hakikisha mfumo unapima volteji pamoja na mkondo. Kifaa kinachopima mkondo peke yake na kuzidisha kwa volti 230 hakijui kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya umeme huo inayofanya kazi kweli. Mota yenye kipengele cha 0.5 itaandikiwa mara mbili ya inachotumia.

Kwa maoni yangu: klampu kwa kuchunguza, mita ya kukata waya kwa kutoza. Kama bodi inabadilishwa hata hivyo wakati wa ukarabati, acha ubahili hapo. Agiza bodi yenye nafasi za mita tangu mwanzo, maana hutapata tena wakati ambapo kuta ziko wazi na fundi yuko ndani.

Programu ya kukisia kutoka waya mmoja

Wazo hili lilianza katika miaka ya 1980 kwa kazi ya George Hart kwenye chuo kikuu cha MIT, Marekani, na makala yake ya mwaka 1992 bado ndiyo inayorejelewa. Kila kifaa kikiwashwa huacha hatua kwenye mkondo, kama mtu apandaye ngazi. Ukijua urefu wa hatua unajua nani amepanda. Halikati waya, halitoboi ukuta. Kwa jengo la kale linasikika kama ndoto.

Katika nyumba ya familia yenye birika, hita ya maji na friji, linaweza kukusaidia. Katika jengo kubwa lililokarabatiwa kisasa nisingelitegemea. Vifaa vipya havipandi kwa hatua: pampu ya joto yenye inveta (kidhibiti cha mwendo wa mota) huongeza na kupunguza polepole, taa hufifia, feni hubadili mwendo. Yaani kadiri ukarabati ulivyofanywa vizuri, ndivyo kukisia kunavyokuwa kugumu. Fedha hiyo hiyo itakununulia klampu sita zinazojua badala ya kubahatisha.

Joto lipitalo kwenye mabomba

Jengo linalopashwa au kupozwa kwa maji linahitaji mita ya joto. Hii hupima vitu viwili: maji mangapi yamepita, na tofauti ya joto kati ya bomba la kwenda na la kurudi. Mita moja ya ujazo ya maji ikipoteza digrii moja ni takriban kWh 1.16.

Hapo kwenye tofauti ndipo penye hatari. Boila ya zamani ilikuwa na tofauti ya digrii 20 hivi, na kosa la nusu digrii lilimezwa. Pampu ya joto mara nyingi hufanya kazi kwa tofauti ya digrii 5. Nusu digrii hapo ni asilimia 10 ya jibu lako lote. Ndiyo maana vihisi viwili vya mita ya joto huuzwa vikiwa jozi iliyolinganishwa kiwandani. Ukiharibu kimoja usinunue kimoja.

Kuna za kukata bomba na za kufunga kwa nje zinazotumia mawimbi ya sauti. Za nje hazimwagi maji wala hazigusi bomba, lakini mabomba ya zamani yenye kutu na magamba ndani huyapotosha mawimbi, na zinataka kipande kirefu kilichonyooka, cha karibu mara 10 ya kipenyo cha bomba. Kwenye chumba cha boila chenye kona kila hatua, kipande hicho hakipo. Kwa kupima wiki mbili, ya nje. Kwa kupima miaka kumi, kata bomba wakati maji yamekwisha kutolewa kwa ajili ya ukarabati.

Kwa gesi asilia mambo ni mepesi: mita nyingi hutoa ishara moja kwa kila ujazo fulani, unazihesabu, kisha unazidisha kwa thamani ya joto iliyoandikwa kwenye bili, ambayo kwa kawaida huwa kati ya kWh 10 na 11 kwa kila mita ya ujazo.

Waya au hewani?

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, wa kimataifa kuhusu kuhifadhi majengo ya kale, unasema nyongeza haziruhusiwi isipokuwa pale ambapo haziharibu sehemu za jengo zenye thamani. Waya mweupe uliopigiliwa juu ya plasta ya kale ni nyongeza. Kwa hiyo wengi hukimbilia vihisi visivyo na waya bila kufikiri zaidi.

Ukuta wa mawe wa sentimita 70 una maoni tofauti kuhusu Wi-Fi. Masafa ya 2.4 GHz, yanayotumiwa pia na Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vidogo), huchoka upesi kwenye mawe, na zaidi yakikutana na karatasi ya alumini iliyopo kwenye baadhi ya vihami joto vipya. Nimewahi kuona kihisi kilichofanya kazi vizuri hadi siku kilipowekwa kihami joto chenyewe ambacho kilitakiwa kukifuatilia. Masafa ya chini kama ya LoRaWAN (mtandao wa redio wa vihisi vinavyotuma kidogo), 868 MHz kule Ulaya na 915 MHz Marekani, hupenya zaidi na betri hudumu kwa miaka, kwa sababu hutuma ujumbe mdogo na kwa nadra. Kwa joto na unyevu, vitu vinavyobadilika polepole, ujumbe wa kila dakika 15 unatosha kabisa. Kwa umeme wa kila sekunde hautoshi.

Waya hauhitaji betri na haupotezi data. Kabla ya kuukataa, litembelee jengo tena ukitafuta njia zilizokwisha kuwepo: dohani zisizotumika, mifereji ya kengele za zamani, nafasi chini ya mbao za sakafu. Majengo ya kale yana matundu mengi kuliko ramani zinavyoonyesha. Mara nyingi mita zote za bodi huunganishwa kwa waya wa M-Bus au Modbus (lugha ambazo mita hutumia kupeleka namba kwenye kompyuta) kwa sababu ziko chumba kimoja, na vihisi vya vyumbani vikaachwa hewani. Mchanganyiko huo ndio ninaoupendelea.

Chochote utakachochagua hewani, nunua chenye kumbukumbu ndani yake. Mawasiliano yakikatika wiki nzima, kitume yaliyopita yakirudi. Kisicho na kumbukumbu kitakuachia shimo, na mashimo hupenda kutokea wakati wa baridi kali au joto kali, pale hasa unapozihitaji namba.

Nishati peke yake, au nishati na unyevu?

Hapa ndipo ninapowaomba wenye majengo wasikimbie.

Chukua ukuta wa matofali na chokaa. Kwa miaka mia moja umekuwa ukinywa mvua kwa nje na kukauka pande zote mbili. Sasa umeweka kihami joto upande wa ndani. Chumba kimekaa vizuri, mita inashuka, kila mtu amefurahi. Lakini ukuta wenyewe sasa ni wa baridi zaidi kuliko zamani, kwa sababu joto la chumba haliufikii. Mvuke ukipenya nyuma ya kihami joto unakutana na uso wa baridi na kugeuka maji. Ncha za boriti zilizozama ukutani zimekaa humo humo. Mbao ikizidi unyevu wa asilimia 20 kwa muda mrefu, kuoza kunakaribishwa. Unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 80 karibu na uso, kuvu huota. Hakuna mita ya umeme itakayosema neno.

Tena unyevu unarudi kukudai kwenye bili. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tuli. Ukuta ambao vinyweleo vyake vimejaa maji unapoteza joto kuliko mkavu, na akiba ya mwaka wa kwanza inaliwa taratibu katika mwaka wa tatu na wa nne. Anayetazama nishati peke yake ataona mteremko huo na kulaumu pampu ya joto.

Vipimo vya unyevu navyo havilingani. Kihisi cha unyevunyevu wa hewa kilichowekwa nyuma ya kihami joto kabla hakijafungwa ndicho chenye manufaa zaidi, na ni cha bei ndogo ukilinganisha na kubomoa baadaye. Pini mbili zilizochomekwa kwenye ncha ya boriti hupima ukinzani wa mbao na huacha vitundu viwili kama vya sindano nene. Kwa boriti muhimu, omba ruhusa na uzichomeke. Lakini kuchomeka pini hizo kwenye ukuta wa zamani ni kujidanganya. Kuta za kale zina chumvi, chumvi hupitisha umeme, na kifaa kitakuambia ukuta umelowa hata ukiwa mkavu. Watu wamepiga dawa na kubomoa plasta nzuri kwa sababu ya namba hiyo.

Kiwango cha Ulaya EN 15757 cha mwaka 2010, kilichoandikwa kwa ajili ya vitu vya asili hai kama mbao na turubai za picha za kuchora, kina busara ninayoipenda: badala ya kulazimisha namba moja ya unyevu kwa kila jengo, kinaangalia hali ambayo vitu hivyo vimeizoea, kwa vipimo vya angalau mwaka mzima, kisha kinaweka mipaka kuzunguka hali hiyo. Hii ina maana pia kwa nishati. Makumbusho mengi huchoma umeme mwingi kushikilia unyevu kwenye namba moja kali ambayo vitu vyao havijawahi kuihitaji.

Ongeza kihisi cha kabonidayoksaidi katika vyumba viwili vitatu vyenye watu. Nje ni karibu sehemu 420 kwa milioni. Ndani ikipita 1,000 kwa saa nyingi, maana yake akiba yako imepatikana kwa kuwanyima watu hewa. Angalizo moja: vihisi vingi hujirekebisha vyenyewe kwa kudhani kwamba chumba hurudi kwenye hewa ya nje kila baada ya siku kadhaa. Katika jengo linalokaliwa usiku na mchana dhana hiyo ni ya uongo. Zima urekebishaji huo au nunua kisichoutegemea.

Kulinganisha kabla na baada

Itifaki ya kimataifa ya kupima akiba ya nishati, IPMVP, inatoa njia nne zilizopewa herufi. A na B hupima eneo moja lililobadilishwa: A hupima jambo kuu na kukadiria mengine, B hupima yote. C hutazama jengo zima kwa mita kuu. D hutumia mfano wa kompyuta uliorekebishwa hadi ulingane na vipimo.

Kwa ukarabati uliogusa kila kitu, C ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na hutumika vizuri pale akiba inapotarajiwa kuzidi asilimia 10 ya matumizi yote. Chini ya hapo inazama kwenye mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka. Haitoshi kutoa namba ya mwaka mmoja kwenye ya mwingine. Lazima urekebishe kwa hali ya hewa, kwa kutumia digrii-siku (jumla ya kiasi ambacho kila siku ilizidi au kupungua kiwango fulani cha joto), na kwa idadi ya watu na saa za kazi. Jengo lililokuwa nusu tupu na sasa limejaa litaonekana halijaokoa kitu.

C haiwezi kukuambia nani kachangia nini. Empire State Building kule New York, lililofunguliwa mwaka 1931, lilifanyiwa ukarabati wenye lengo la kupunguza nishati kwa asilimia 38. Madirisha yake zaidi ya 6,500 yalitengenezwa upya humo humo jengoni, na mitambo ya kupoza na vidhibiti vikashughulikiwa pia. Katika kazi ya namna hiyo mita kuu inakupa jumla tu. Ukitaka kujua kama dirisha limelipa, unahitaji B kwenye mitambo na D kwa vilivyobaki.

Kosa baya kuliko yote ni kutumia matumizi ya kukokotoa kama msingi wa kulinganishia. Mwaka 2012 watafiti Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin walichapisha uchunguzi wa nyumba 3,400 za Ujerumani na kukuta kwamba matumizi halisi yalikuwa wastani wa asilimia 30 chini ya yale yaliyokokotolewa. Watu wa nyumba za kale hawapashi kila chumba, huvaa nguo nzito, hufunga milango. Ukikokotoa akiba kutoka namba ya kwenye karatasi, unaokoa nishati ambayo haikuwahi kutumika. Kuta nazo husingiziwa: vipimo vilivyofanywa Uskoti vilionyesha kuta nyingi za asili zinazuia joto vizuri kuliko majedwali yanavyodai. Sahani ya kupima mtiririko wa joto, iliyobandikwa ukutani kwa saa zisizopungua 72 kama kiwango cha ISO 9869-1 kinavyotaka, inaweza kukuokolea kihami joto usichokihitaji. Jaribu gundi kwanza mahali pasipoonekana, isije ikaondoka na rangi ya kale.

Data zikae wapi?

Jengo lina miaka 150. Huduma ya mtandaoni inayohifadhi data zake inaweza kufungwa baada ya mitano. Usinunue mfumo usiokuruhusu kutoa namba zako zote, ghafi, katika faili la kawaida la maandishi, wakati wowote. Hili kwangu ni sharti. Vilevile, usomaji wa kila dakika katika nyumba ya mtu unaonyesha anaamka lini na yuko safarini lini. Wapangaji waambiwe, na wasomewe kwa nusu saa kama hakuna sababu ya kwenda chini ya hapo.

Ningechagua nini

Kwa nyumba ya familia: mita kuu inayosomwa kila nusu saa, mita ya peke yake kwa pampu ya joto, na vihisi vinne hadi sita vya joto na unyevu, viwili kati yao vikiwa nyuma ya kihami joto kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Mfumo mkubwa wa kuendesha jengo, yaani kompyuta inayosoma vihisi na kuamuru mitambo, ungekuwa mzigo.

Kwa ofisi au hoteli: mita za kukata waya kwenye bodi mpya, mita ya joto kwenye mabomba makuu, vihisi hewani vyumbani, na mtu mmoja aliyepewa saa mbili kila wiki za kuzitazama. Bila huyo mtu, usinunue.

Kwa makumbusho, maktaba au nyumba ya ibada: anza na unyevu, mwaka mzima, kisha mita. Hapo mfumo kamili wa kuendesha jengo una haki yake, kwa sababu mitambo ya hewa na vihisi lazima visemezane.

Kwa taasisi yenye majengo mengi: mita kuu za aina moja kila mahali kwanza. Mita ndogo zipelekwe tu kwenye yale yanayojitenga na wenzake.

Na kama mafundi hawajaingia bado, chelewesha ununuzi wa kila kitu kingine na ufunge leo mita kuu ya nusu saa pamoja na vihisi vichache vya unyevu. Mwaka mmoja kabla ya nyundo ya kwanza hauwezi kununuliwa baadaye. Kama nyundo zimekwisha kupita, iombe kampuni ya umeme rekodi zako za nyuma kabla hazijafutwa, kaa na waliolitumia jengo uandike saa walizofungua na vyumba walivyopasha, halafu ukaangalie ncha za boriti.